Mgeni Aliyepewa Jina la Nyumbani

Msomaji kijana, bila shaka umepata kusikia wazee wakisema kwamba muziki wa siku hizi umeharibika. Husema kwamba nyimbo za zamani zilikuwa safi, na kwamba siku gita lilipoingia mlangoni ndiyo siku asili ilipotokea dirishani. Na bila shaka umepata kusikia vijana wakijibu kwamba nyimbo za zamani ni za wazee, hazifai ila kwa kuwachezea wageni wa heshima siku za sherehe. Maneno haya mawili yaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Mzee na kijana wote wawili waamini kwamba asili ni kitu kilichokamilika zamani kikafungwa ndani ya sanduku. Mzee ataka sanduku lilindwe. Kijana ataka liachwe nyuma. Katika insha hii nataka kukuonyesha kwamba sanduku hilo halikuwako kamwe, na ushahidi wangu mkubwa ni wimbo mmoja mfupi ulioimbwa katika Bonde la Ufa mwaka wa 1950.

Kwanza yanipasa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita niliitwa kuwa mwamuzi katika mashindano ya muziki ya shule. Kikundi kimoja cha wanafunzi kilipanda jukwaani na wimbo wa Kikipsigis. Msichana alipiga kinubi cha kwao, na mvulana kando yake alipiga gita. Gita halikupaza sauti juu ya kinubi. Lilifuata nyuma, likajibu pale kinubi kilipouliza. Watu walisikiliza kwa utulivu, na mimi nilifurahi pamoja nao. Lakini karatasi niliyopewa ilikuwa na kichwa kisemacho nyimbo za asili, nami niliona kwamba gita si asili. Nilipunguza alama zao nyingi, nikaandika maneno mawili: "Wamechanganya mitindo." Baada ya mashindano mvulana yule alinijia kwa adabu akaniuliza, "Mwalimu, asili yaanza mwaka gani?" Nilimpa jibu la haraka ambalo silikumbuki tena. Swali lake ndilo nilikumbukalo, na insha hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze Kapkatet. Huu ni mji mdogo wa upande wa Kericho, magharibi ya Nakuru, ukishavuka nyanda za juu za Mau. Mwaka wa 1950 alifika huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzunguka bara hili na mashine ya kunasia sauti. Mwaka wa 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo iko Afrika ya Kusini hata leo. Kwa Wakipsigis alinasa nyimbo nyingi, na miongoni mwake zilikuwamo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na wasichana, Chemutoi Ketienya akiwa kiongozi wao, nayo ndiyo iliyopata sifa mbali.

Chombo kinachosikika katika wimbo huo ni chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Kina tumbo lililowambwa ngozi, mikono miwili inayochomoza juu, na mti wa kukingama ambao nyuzi hufungwa kwake. Sauti yake ni ya chini, yenye mvumo kidogo, kama mtu anayesema na nafsi yake. Juu ya mvumo huo sauti za wasichana hupanda na kushuka pamoja, na neno moja hurudi na kurudi tena: Chemirocha, Chemirocha. Mtu asiyejua lugha yao atadhani kwamba anasikia jina la mungu wa kale, au la shujaa aliyekufa kabla ya babu wa babu zao.

Basi Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani.

Tafadhali usipite haraka hapa. Rodgers alizaliwa mwaka wa 1897 katika jimbo la Mississippi. Alifanya kazi katika garimoshi, akifunga na kufungua breki za mabehewa, mpaka kifua kikuu kilipomtoa kazini. Mwaka wa 1927 alinasa nyimbo zake za kwanza katika mji wa Bristol, na mwaka wa 1933 alikufa, umri wake haujatimia miaka thelathini na sita. Katika muda huo wa miaka sita santuri zake zilienea pote palipokuwa na gramafoni, na gramafoni zilifika Kenya pamoja na wageni waliokuja kulima na kuhubiri. Wakipsigis walizisikia. Jina Jimmie Rodgers halikukaa vizuri katika vinywa vyao, wakalitengeneza. Likawa Chemirocha.

Angalia uzuri wa kazi hiyo. Majina mengi ya Kikipsigis, hasa ya wanawake, huanza kwa sauti hiyo: Chepkoech, Chemutai, Chepkemoi. Kiongozi wa wimbo mwenyewe ni Chemutoi, na kinubi chenyewe ni chepkong. Kwa hiyo mgeni alipofika mlangoni hakuachwa asimame nje na jina lake la ugenini. Alipewa jina linalofanana na majina ya jamaa, akaketishwa kati yao. Tracey aliandika kwamba mwimbaji huyo asiyeonekana alikuwa amegeuka katika mawazo ya wasichana kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu paa, na kwamba wimbo wamwomba acheze mchezo wa kuruka wa Wakipsigis kwa nguvu nyingi hata avukwe na nguo zake. Hayo ni maelezo ya mgeni aliyepita, na msomaji mwangalifu huyapokea kama apokeavyo habari za msafiri yeyote. Lakini hata tukiyaweka kando, jina linabaki, na jina latosha.

Sasa tuusikilize wimbo huu kwa sikio la mhakiki, maana kustaajabu peke yake si uhakiki. Tujiulize: wasichana hawa walichukua nini kwa Rodgers, na walikataa nini? Rodgers alipiga gita. Katika wimbo huu hamna gita. Rodgers alisifika kwa kuivunja sauti, akiirusha ghafula kutoka kifuani hadi juu kabisa, kama wafanyavyo wachunga ng'ombe wa milima ya Alps. Katika wimbo huu hamna sauti iliyovunjwa. Rodgers aliimba Kiingereza. Wao waimba Kikipsigis. Ngazi ya sauti ni ile ya sauti tano, ambayo nyimbo za Wakipsigis zimeikanyaga siku zote. Walichochukua ni jina na mshangao. Vingine vyote walivitoa katika ghala yao wenyewe.

Hapo ndipo ninapopata kanuni yangu ya kwanza. Mchanganyiko mwema hauanzi kwa kuiga sauti ya mgeni. Huanza kwa kumtazama mgeni kwa macho yako na kumsimulia kwa lugha yako. Anayeiga humfuata mgeni hadi nyumbani kwa mgeni, akasimama uani mwa watu. Anayesimulia humleta mgeni nyumbani kwake.

Lakini labda utasema: "Mwalimu, Rodgers naye alikuwa na muziki wake wa asili, ulio safi." La, hakuwa nao. Sehemu kubwa ya nyimbo zake ni blues, muziki wa Wamarekani weusi, na alijifunza mengi kwa wafanyakazi weusi wa reli aliofanya kazi nao. Mwaka wa 1930 aliimba wimbo mmoja akisindikizwa kwa tarumbeta na Louis Armstrong, mwana wa New Orleans. Katika baadhi ya santuri zake husikika gita la kuteleza la visiwa vya Hawaii. Gita lenyewe lilikomaa Hispania, nchi iliyotawaliwa na Waarabu na Waberberi kwa karne nyingi, wakapiga humo udi, ule ule unaopigwa katika taarabu ya Unguja na Mombasa. Na blues imetoka kwa watu ambao babu zao walitolewa Afrika katika minyororo. Kwa hiyo sauti iliyotoka katika gramafoni kule Kericho haikuwa ya taifa moja. Ilikuwa mkutano wa watu wengi, na Afrika ilikuwamo tangu mwanzo.

Na chepkong je? Vinubi vya namna hiyo vimechorwa katika makaburi ya Misri ya kale. Viko Sudani, viko Habeshi, viko Uganda. Hapa Kenya Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane, Wabukusu wana litungu lenye nyuzi saba, Wakisii wana obokano lenye sauti nzito. Kila kabila limekipa chombo jina lake, likakifungia nyuzi zake, likakifundisha nyimbo zake. Chepkong basi ni ndugu katika ukoo mkubwa wa Bonde la Nili na nchi zinazolizunguka. Mvulana wangu angaliniuliza tena mwaka ambao asili ilianza, ningalazimika kwenda hadi kwa Mafirauni, na huko pia nisingaliufikia mwanzo.

Sasa turudi karibu. Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Garimoshi lilifika hapa mwaka wa 1900, na nyuma yake wakaja watu wa kila namna: Wazungu wa mashamba, Wahindi wa maduka, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, kila mmoja na nyimbo zake. Katika nchi kama hii kutochanganya kungalihitaji ukuta. Wakikuyu walichukua akodioni na hatua za dansi ya Kizungu, wakaongeza pete ya chuma igongwayo, ikawa mwomboko. Baadaye wakapata ngoma nyingine, gita moja na mwimbaji mmoja anayeunga nyimbo za zamani moja baada ya moja, na wachezaji wakishikana nyuma kwa nyuma mfano wa mabehewa. Waliiita mugithi, maana yake garimoshi. Reli iliyoletwa ili kubeba mali ya watu wengine, wao waliipanda kwa miguu yao wenyewe.

Gita nalo lilifika kwa njia nyingi. Mwaka wa 1952 Tracey yule yule alimnasa huko Kongo kijana Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gita kwa kidole gumba na cha shahada kana kwamba wanapiga watu wawili. Upigaji wa namna hiyo ulipendwa sana Kenya. Katika nchi ya Waluhya George Mukabi, aliyekufa mwaka wa 1963, aliufanya kuwa wake, ukaitwa omutibo. Gita lilisindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa, na ndani ya mdundo wake mtu husikia ngoma za kwao. Kwa Wakipsigis alitokea Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Kericho palikuwa na duka la santuri la Chandarana, mfanya biashara wa asili ya Kihindi, naye alitoa santuri za Wakipsigis, Wajaluo na wengineo. Fikiri kidogo: gita la Hispania, vidole vilivyofunzwa na Kongo, ngazi ya sauti tano ya chepkong, lugha ya Kikipsigis, na mchapishaji Mhindi. Ukimwambia Mkipsigis aliyekua katika miaka ile kwamba nyimbo za Kipchamba si za kwao, atakucheka.

Haya hayakutokea kwetu tu. Huenda umeona katika sinema wanamuziki wa Meksiko waitwao mariachi, wenye kofia pana na tarumbeta zing'aazo. Watu husema kwamba huo ndio muziki wa asili wa nchi ile. Lakini fidla na gita zilifika huko kutoka Hispania, na kwa muda mrefu mariachi wa mashambani walipiga nyuzi bila tarumbeta. Tarumbeta zilipata nafasi ya kudumu katika miaka ya 1930 na baadaye, redio na sinema zilipowaita wanamuziki mjini. Leo mtu akiwaondoa wapiga tarumbeta, wasikilizaji watasema kwamba asili imeharibiwa! Mwaka wa 2011 Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliuandika muziki huo katika orodha ya urithi wa wanadamu, tarumbeta na yote. Ndivyo ilivyo siku zote: kinacholaumiwa na babu kuwa kigeni hulindwa na mjukuu kuwa urithi.

Lakini usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mchanganyiko ni mwema. Nimesikia nyimbo nyingi ambazo mdundo wake umetoka tayari katika kinanda cha umeme. Mwimbaji amebonyeza kitufe, kisha akamwaga maneno juu yake. Mdundo ule ule hutumika kwa wimbo wa harusi, wa kanisa na wa siasa, kwa Kikalenjin leo na kwa Kikamba kesho, wala hakuna anayeweza kutambua ni nchi gani inayoimba. Huo si mchanganyiko, maana kuchanganya kwahitaji vitu viwili, na hapo kipo kimoja tu. Kosa lake si kwamba una kitu kigeni. Kosa lake ni kwamba hauna kitu cha nyumbani.

Wala sisahau kwamba kukutana huku hakukuwa kwa watu walio sawa. Gramafoni zililia katika nchi ambayo ardhi yake nzuri ilikuwa imechukuliwa kwa mashamba ya chai. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Walaibon wa ukoo wa Talai, ikawatoa katika nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, mbali na watu wao. Wasichana wa Kapkatet hawakuulizwa habari za ardhi wala za sheria. Lakini katika wimbo wao hakuna aliyewaamuru. Wao ndio walioamua mgeni aitwe nani, acheze mchezo gani, na avae au avue nini. Kwa dakika chache bwana wa nchi alikuwa ni yule ashikaye kinubi. Ndiyo maana nauthamini wimbo huu kupita nyimbo nyingi zilizo ndefu na zenye ufundi zaidi yake.

Miaka kama sitini na mitano ilipokwisha kupita, maktaba ile ya Afrika ya Kusini pamoja na wanamuziki wa Nairobi walizirudisha sauti hizo kwa Wakipsigis. Wazee walisikia tena sauti za ujana wao. Habari hii yafurahisha, lakini ina maumivu ndani yake. Wimbo ulirudi kutoka mbali kwa sababu nyumbani ulikuwa umenyamaza. Leo chepkong ni chache, na wanaojua kuifunga nyuzi ni wachache kuliko chepkong zenyewe. Hapa ndipo wazee wana haki, nami nasimama upande wao. Huwezi kuchanganya kitu usichokuwa nacho. Wasichana wale waliweza kumkaribisha Rodgers kwa kuwa nyumba ilikuwapo, moto ulikuwa unawaka, na kinubi kilikuwa mkononi. Mwenye nyumba tupu hakaribishi mgeni, humkodisha tu.

Tazama maziwa yetu mawili. Ziwa Nakuru hupokea mto Njoro na vijito vingine, lakini halina njia ya kutolea maji. Jua huyakausha, magadi hubaki, na mtu hawezi kuyanywa. Ziwa Naivasha hupokea mto Malewa, nalo pia halina mto unaotoka, lakini maji yake hupenya chini ya ardhi yakaenda zake, na kwa hiyo ni matamu. Muziki nao hukaa mtamu kwa kupokea na kutoa. Mzee akataaye kitu kipya huziba mto unaoingia. Kijana aachaye cha kale huziba njia ya kutokea, maana hana tena cha kuwapa wengine.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwaka huu, kabla likizo haijaisha, umtafute mzee mmoja ajuaye kupiga au kuimba kitu cha kwenu, ukae chini mbele yake mpaka mkono wako ujue. La pili, ukishajua, usiogope gita, wala kinanda, wala kitu kingine ambacho mimi sijakisikia bado. Kisha ukisikia wimbo mpya usiulize kama ni safi. Uliza maswali matatu: kilicho cha nyumbani kiko wapi ndani yake? Kilicho kigeni kimepewa jina gani? Na ni nani aliyeamua?

Ningalikuwa na maswali hayo siku ile ya mashindano, ningaliona kwamba kinubi kilikuwa cha nyumbani, kwamba gita lilikuwa limefundishwa kujibu kwa Kikipsigis, na kwamba watoto wale wawili waliamua wenyewe. Walikuwa wakifanya kazi ile ile iliyofanywa Kapkatet mwaka wa 1950. Niliwanyima alama kwa sababu walikuwa wa asili mno, kupita karatasi niliyoishika.